Ada ya Mwanachama na Fedha ya Mfadhili: Nani Analipia Historia Yetu?

Ukipanda daladala la Mbagala ukapita Bendera Tatu na kushuka Uhasibu, umesafiri kwenye barabara ambayo jina lake tunalitaja kila siku bila kuliwaza: Barabara ya Kilwa. Ukiendelea nayo kusini, ukakata kona Nangurukuru, utafika Kilwa Masoko, na ng'ambo ya maji ni Kilwa Kisiwani kwenye magofu yenyewe. Ni mwendo wa kilomita kama 300 kutoka hapa Kurasini. Leo tutaitumia barabara hii kujifunza jambo moja ambalo halipo kwenye madesa yetu: taasisi ya utafiti wa historia inaishi kwa fedha gani, na mwenye kutoa fedha hiyo anapata nini.

Nikiri mapema kwamba somo hili sikulianza kwa ajili ya mtihani. Nina deni.

Tulipokuwa mwaka wa pili, sisi saba wa klabu ya historia tulizunguka mitaa ya Kurasini kurekodi wazee. Nyumba nyingi zilikuwa zimeshabomolewa kupisha bandari na maghala, na waliobaki tuliwahesabu kwa vidole. Mradi mmoja kutoka nje ulitulipia nauli, ukatuazima vinasa sauti, ukatununulia hadi soda. Tukasaini karatasi bila kufungua ukurasa wa pili, kama tunavyosaini fomu siku ya bumu. Bibi mmoja wa upande wa Shimo la Udongo alikaa nasi saa mbili na nusu. Alitueleza nani alikuwa jirani wa nani, mashamba ya minazi yaliishia wapi, na vijana wa Msumbiji waliokuwa wakipita mtaani na madaftari yao. "Wajukuu zangu, andikeni," alisema, "maana hapa hata mwembe hautabaki."

Mradi ukaisha. Vinasa sauti vikarudishwa, na kadi zake ndani. Mwaka jana bibi akafariki. Mjukuu wake akatufuata hosteli: "Kaka, ile sauti ya bibi si mnayo? Tunataka tuisikilize siku ya arobaini." Hatukuwa nayo. Tuliandika barua pepe, tukajibiwa kwa adabu sana kwamba rekodi ni mali ya mradi na zitafunguliwa kwa wasomaji baada ya miaka kumi. Tukaenda kuutafuta ule ukurasa wa pili. Ilikuwa imeandikwa hivyohivyo, na sahihi zetu saba chini yake.

Ndipo nilipoanza kuuliza taasisi kubwa zinafanyaje.

Maneno manne ya kutofautisha

Tukisema "msaada", tunachanganya mambo manne ambayo kila moja lina tabia yake.

Ada ni fedha anayotoa mwanachama kila mwaka. Ni ndogo, lakini inarudi mwaka kwa mwaka, na inampa mtoaji haki: kupata jarida, kualikwa kwenye mihadhara, na zaidi ya yote kupiga kura kwenye mkutano mkuu. Mchango ni fedha ya hiari, mara nyingi ya mara moja, na mtoaji hapati kura. Ruzuku ni fedha nyingi kutoka serikalini au kwenye mfuko mkubwa, na huja na mkataba, muda, na ripoti ya kuandika. Wakfu ni mali iliyotengwa isiuzwe, ili mapato yake yahudumie kazi fulani siku zote.

Hilo la nne si geni kwetu watu wa pwani. Misikiti na madrasa mingi imeendeshwa kwa kodi ya nyumba na mazao ya mashamba ya wakfu, na Zanzibar ina kamisheni ya kusimamia mali hizo tangu zama za ukoloni. Kwa hiyo mtu akikwambia kuendesha taasisi kwa fedha zetu wenyewe ni ndoto ya wasomi, mwambie wazee walishafanya, ila wao walijenga misikiti, sisi tunataka kujenga kumbukumbu.

Somo la kwanza: Kilwa

Mwaka 1960 Waingereza walianzisha taasisi ya utafiti wa historia na akiolojia ya Afrika Mashariki. Leo inaitwa British Institute in Eastern Africa, maarufu kwa herufi zake BIEA, na iko Nairobi. Wengi hawajui kwamba makao yake ya mwanzo yalikuwa hapahapa Dar es Salaam. Kuanzia 1961 mkurugenzi wake alikuwa Neville Chittick, ambaye kabla ya hapo alikuwa mtumishi wa serikali ya Tanganyika akihusika na mambo ya kale. Kazi yake kubwa ilikuwa kuchimba Kilwa Kisiwani, yaani Msikiti Mkuu, kasri la Husuni Kubwa na makazi yaliyozunguka.

Fedha ilitoka wapi? Sehemu kubwa ilikuwa ruzuku ya serikali ya Uingereza kupitia British Academy ya London. Pembeni kulikuwa na wanachama, watu binafsi na maktaba, waliolipa ada na kupokea jarida la taasisi, *Azania*, lililoanza kutoka mwaka 1966. Huo ndio mfumo wenyewe: ruzuku inalipa mishahara na uchimbaji, ada inalifikisha jarida kwa msomaji na kuifanya taasisi iwe na watu wa kuiuliza maswali.

Tuwe waungwana: kazi ilikuwa kubwa. Kabla ya uchimbaji ule, mengi tuliyojua kuhusu Kilwa yalitoka kwenye maandishi, kama safari ya Ibn Battuta aliyefika mwaka 1331, na tarikh ya masultani ambayo nakala yake ya Kiarabu imehifadhiwa London. Chittick aliongeza ushahidi wa udongo: vigae, sarafu, misingi ya nyumba, na tabaka zinazoonyesha nini kilitangulia nini. Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Lakini angalia upande wa pili wa daftari. Ripoti kamili ilitoka mwaka 1974, juzuu mbili nene, kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Kurasini akiitaka atakwenda maktaba ya Mlimani, sehemu ya East Africana, asome akiwa palepale. Mvuvi wa Kilwa, ambaye pengine babu yake ndiye aliyeshika jembe kwenye mashimo yale, haikuandikwa kwa lugha yake. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu. Ripoti ilimwendea aliyelipia na aliyekuwa mwanachama, na mvuvi hakuwa kwenye orodha yoyote kati ya hizo mbili.

Somo la pili: Kurasini yenyewe

Sasa turudi mtaani. Wale vijana wa Msumbiji ambao bibi aliwakumbuka hawakuwa wapita njia. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na mwaka uliofuata ikafunguliwa Taasisi ya Msumbiji, shule na makazi ya vijana wakimbizi, hapa Kurasini. Aliyeisimamia na kuitafutia fedha ni Janet Mondlane, Mmarekani, mke wa Dk. Eduardo Mondlane. Haikuwa taasisi ya utafiti wa historia, ilikuwa shule. Lakini kama unataka kujua fedha ya nje inavyofanya kazi, hakuna darasa bora kuliko hilo, na liko umbali wa kutembea kwa miguu.

Fedha ya mwanzo ilitoka Ford Foundation ya Marekani. Ureno, ambayo ilikuwa mshirika wa Marekani katika NATO, ikalalamika. Msaada ule haukuendelea. Fikiria hali ya mwalimu mkuu: wanafunzi wapo, walimu wapo, na serikali ya nchi ya tatu imekohoa tu, mfereji umekatika. Janet Mondlane akazunguka kubisha hodi kwingine. Katikati ya miaka ya 1960 serikali ya Sweden ikaanza kusaidia, na mwaka 1970 Baraza la Makanisa Ulimwenguni likaiweka taasisi hiyo miongoni mwa waliopewa fedha za mfuko wake wa kupambana na ubaguzi wa rangi.

Shule haikuwa na njia nyepesi. Mwaka 1968 ulizuka mgogoro mkubwa kati ya wanafunzi na uongozi, shule ikafungwa. Tarehe 3 Februari 1969 Dk. Mondlane aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Mapambano yaliendelea hadi uhuru, 25 Juni 1975. Mwaka 1978 serikali za Tanzania na Msumbiji zikakubaliana kuanzisha Chuo cha Diplomasia, na kikajengwa hapahapa Kurasini.

Somo lipo mara mbili. La kwanza ni la wazi: ukitegemea mtoaji mmoja, adui yako hana haja ya kupigana na wewe, anapigana na mtoaji wako. Janet Mondlane alilielewa hilo, ndiyo maana alitafuta wengi.

La pili lilinichukua muda kuliona. Leo ukitaka kujua Sweden ilitoa nini na kwa nini, kuna vitabu vya Tor Sellström vilivyochapishwa na taasisi ya Nordic Africa Institute ya Uppsala. Ukitaka karatasi zinazomhusu Mondlane, zipo kwenye chuo cha Oberlin, Ohio, alikosoma. Upande wa Msumbiji, nyaraka zao zinatunzwa Maputo. Yaani mtoaji huweka risiti, na risiti zikikaa miaka 50 zinageuka kuwa historia. Upande wetu tulikuwa na bibi wa Shimo la Udongo, na sauti yake tuliigawa kwa nauli na soda.

Somo la tatu: Mlimani, 1968

Kuna mfano wa nyumbani ambao unatuhusu sisi wanafunzi moja kwa moja. Mwaka 1966 kiliundwa Chama cha Historia cha Tanzania, na kwa jina la chama hicho vikatoka vijitabu na vitabu, kikiwemo kile cha historia ya Tanzania kilichohaririwa na Isaria Kimambo na Arnold Temu mwaka 1969, ambacho hadi leo kipo kwenye orodha za vitabu vya kozi.

Wakati huohuo, idara ya historia ya Mlimani iliendesha mradi wa utafiti wa Vita vya Majimaji, wakiongoza G.C.K. Gwassa na John Iliffe. Wanafunzi walirudi maeneo ya kwao kuwahoji wazee, kwa lugha za wazee hao, juu ya vita vya 1905 hadi 1907. Piga hesabu: kijana aliyekuwa na miaka 20 vita vilipoanza, mwaka 1968 alikuwa na 83. Wangechelewa miaka kumi tu, wangekuta makaburi. Masimulizi yale yaliandikwa, yakakusanywa, na yakabaki chuoni ambako mwanafunzi wa leo anaweza kuyaomba.

Wanafunzi wale hawakuwa na hela kutushinda sisi. Mchango wao ulikuwa likizo yao, lugha ya mama zao, na heshima ya kumwamkia mzee kabla ya kumuuliza swali. Tukihesabu "rasilimali" tunasahau hivyo, ilhali ndivyo ambavyo mtafiti kutoka nje huvitafuta kwanza anapofika. Na tusidanganyane kwamba ni suala la rangi au pasipoti: Iliffe alikuwa Mwingereza. La msingi ni kwamba kazi ilikuwa ya chuo na matokeo yalibaki hapa.

Basi tukatae fedha ya nje?

Hapana. Anayesema tukatae ajaribu kwanza kununua skana na diski za kuhifadhia kwa bumu lake. Kuna Watanzania Muscat, London, Minneapolis na Houston ambao wangependa mno kuona mtaa wao wa zamani unaandikwa, ila hakuna anayewaambia watoe wapi. Mfano upo: Britain-Tanzania Society, iliyoanzishwa 1975, ina wanachama wanaolipa ada, na mfuko wake wa maendeleo husaidia miradi midogo huku kwetu. Tena nchi nyingine zina sheria za kumnufaisha anayetoa. Uingereza kuna utaratibu uitwao Gift Aid: mlipakodi akichangia shirika la hisani lililosajiliwa, serikali inaongeza senti 25 kwa kila pauni, hivyo pauni 100 zinakuwa 125. Ndiyo maana vyama vingi vya namna hii huwa na tawi au rafiki aliyesajiliwa kulekule.

Jambo ni kujua utaratibu wa kupokea. Kwa makosa yangu nimejifunza kuuliza mambo manne kabla ya kusaini:

1. Nakala ya kwanza inakaa wapi? Kama jibu si "hapa", basi angalau nakala kamili ibaki hapa siku hiyohiyo, kabla kinasa sauti hakijarudishwa.
2. Msimulizi amekubali nini? Aelezwe kwa Kiswahili sauti yake itakwenda wapi, na familia yake iwe na haki ya kuipata bila kusubiri mtu wa mbali afungue kabati.
3. Matokeo yatatoka kwa lugha gani? Ripoti ya Kiingereza si dhambi. Kukosekana kwa kurasa kumi za Kiswahili kwa waliohojiwa ndiyo dhambi.
4. Akiondoka huyu, nani anabaki? Mtoaji mmoja akizidi nusu ya bajeti, hiyo ni klabu yake, sisi ni vibarua.

Na sisi tuwe wasafi. Sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya mwaka 2002 inadai taarifa ya shughuli kila mwaka na hesabu zilizokaguliwa. Hata klabu ya chuo isiyofikia ngazi hiyo haina sababu ya kukusanya fedha bila risiti na bila mshauri wa wanafunzi kujua. Tumeshaona michango ya safari za mafunzo ikiishia kwenye simu ya mtu. Mtu wa Muscat akishaumwa na nyoka mara moja, hatatuma tena hata kwa mwaminifu.

Hesabu yetu ya Kurasini

Pendekezo langu ni hili. Klabu ya historia iwe chama chenye ada ya shilingi 2,000 kwa mwezi, bei ya sahani ya wali maharage kwa mama ntilie. Tukiwa 150, kwa miezi minane tunayokuwa chuoni, ni shilingi 2,400,000. Wenzangu wamecheka: "Hela hiyo itachimba Kilwa gani?" Haitachimba Kilwa. Itanunua vinasa sauti viwili vyetu wenyewe, diski mbili za kuhifadhia, moja ikae chuoni na nyingine kwingine, na nauli za kuwafikia wazee wa Kurasini waliohamia Mbagala, Chamazi na Kigamboni baada ya nyumba zao kubomolewa.

Walioko nje walipe ada yao kwa mwaka, kubwa kuliko yetu kwa sababu wana uwezo zaidi, lakini kura iwe moja kwa kila mtu. Aliyeko Houston apate taarifa ya robo mwaka na nakala ya masimulizi, asipate mamlaka ya kuchagua mzee gani ahojiwe. Ruzuku kubwa ikija baadaye, itukute tuna nyumba, itakuwa mgeni wetu.

Najua pingamizi zito zaidi: wanafunzi ni wapita njia. Miaka mitatu tumeondoka, sapu zimekwisha, nani atakumbuka diski? Hili sina jibu jepesi. Jibu ninaloliona ni kwamba ada isiishe siku ya mahafali. Mhitimu aendelee kulipa akiwa Songea au Doha, na hapo ndipo "kutoka nje" kutakapokuwa na maana nyingine: si mfadhili tunayemsubiri, ni sisi wenyewe miaka mitano ijayo.

Kuhusu ile sauti. Mmoja wetu, siku ile tulipokwenda kwa bibi, aliwasha simu yake wakati betri za kinasa zinabadilishwa, akasahau kuizima. Tuliikuta faili hiyo baada ya kupekua simu zote saba: dakika kumi na moja, jogoo anawika nyuma, na bibi anataja majirani wa mtaa ambao haupo tena, nyumba baada ya nyumba, kutoka kisimani hadi barabarani. Siku ya arobaini iliwekwa kwenye spika, na watu wazima walisimama mlangoni wakisahihisha majina. Mzee mmoja akasema, "Hapo kamruka fundi cherehani." Tukaliandika na hilo.

Faili ipo sasa kwenye diski mbili. Mjukuu alipoondoka alitoa shilingi 2,000 akauliza anaandikwa wapi. Tulikuwa bado hatujanunua kitabu cha risiti. Jina lake ni la nane kwenye daftari.

Maswali ya kujadiliana

1. Taja taasisi au chama kimoja unachokijua Temeke. Kinaishi kwa ada, mchango, ruzuku au wakfu? Nani ana kura?
2. Ford Foundation ilipojitoa Taasisi ya Msumbiji, nani alikuwa na kosa: mtoaji, Ureno, au utegemezi wenyewe? Tetea jibu lako.
3. Ungekuwa mwanafunzi wa Mlimani mwaka 1968, ungemuuliza nini mzee wa kwenu? Bado yupo wa kumuuliza leo?
4. Tafuta karatasi ya mwisho uliyosaini ukapewa posho au nauli. Soma ukurasa wa pili.